Mstari wa Chaki na Herufi E

Kupima macho ya watoto wa shule huonekana kazi nyepesi mpaka umtazame mwalimu anayeijua. Haanzi na simu yenye programu ya kupimia. Anaanza na futi kamba: anapima mita 2 sakafuni, anachora mstari kwa chaki, na kumwambia mtoto asiuvuke. Kwa umbali huo, herufi ambayo jicho zima hutakiwa kuitambua ina kimo kisichofika milimita 3. Asiyeona vizuri huinama mbele bila kujijua, na akisogeza kichwa sentimita 40 tu, amejiongezea mstari mzima wa chati. Jicho la kupewa rufaa linapita kama zima.

Kisha mkono. "Funika kwa kiganja, usibonyeze." Jicho lililobonyezwa likifunuliwa huona ukungu kwa muda, na zamu yake ya kupimwa inaharibika. Vidole navyo vikiachana, mtoto huchungulia. Si hila, amezoea kwamba shuleni mtu hujitahidi kufaulu, na hapa mwalimu anataka kujua mtoto anashindwa wapi.

Herufi ni moja tu, E, inayogeuzwa pande nne. Mtoto hahitaji kujua kusoma, anaonyesha kwa mkono mapengo yake yanaelekea wapi. Chati za namna hii zina asili ya kazi ya Herman Snellen, daktari wa Uholanzi aliyetoa chati yake mwaka 1862. Udhaifu wa chati ya ukutani kila mwalimu anaujua: walio kwenye foleni hukariri majibu ya aliyetangulia.

Hapo ndipo programu ya Peek Acuity inapopendeza. Simu huigeuza E bila mpangilio, na kioo kinamtazama mtoto. Mwalimu haoni herufi. Anatazama mkono wa mtoto, anapangusa kioo kuelekea ulikoelekezwa, na simu inafanya hesabu. Kwa kuwa hajui jibu, hata uso wake hauwezi kulivujisha. Mtafiti Andrew Bastawrous na wenzake waliijaribu Nakuru, Kenya, na matokeo yakachapishwa 2015: wastani wa sekunde 77 kwa jicho, dhidi ya 82 za chati ya Snellen. Sekunde tano si za kutambia. Uzuri uko kwenye yanayofuata baada ya kupima.

Hayo yalionekana Kitale, katika kaunti ya Trans Nzoia, huko huko Kenya. Daktari wa macho Hillary Rono na wenzake walichukua shule 50 za kaunti hiyo. Kote waliopima ni walimu. Katika shule 25 walitumia kadi ya E na barua ya rufaa. Katika 25 nyingine walitumia simu, na mtoto aliyeshindwa alirudi nyumbani na picha inayomwonyesha mzazi jinsi mwanawe anavyoona. Ujumbe mfupi ulifuata kumkumbusha mzazi, na mwalimu mkuu naye akapewa orodha ya wanaotakiwa kutibiwa. Matokeo yalitoka 2018 katika jarida la Lancet Global Health: upande wa simu watoto 285 kati ya 531 waliopewa rufaa walifika hospitali, asilimia 54. Upande wa kadi walifika 82 kati ya 366, asilimia 22.

Mzazi anayeambiwa "macho yake yana shida" humtazama mwanawe akichunga ng'ombe na kukimbiza mpira, akaona barua imekosea. Picha yenye ubao uliofifia haibishaniwi hivyo.

Hata hivyo, karibu nusu hawakufika, na miwani nayo ina safari yake. Utafiti katika shule za sekondari za Tanzania uliochapishwa 2008 uliwafuatilia wanafunzi waliogawiwa miwani bure: baada ya miezi mitatu, chini ya nusu ndio waliokuwa wakiitumia. Kwa hiyo mpimaji bora ni yule mwenye daftari la majina, anayeuliza nani kaenda, nani karudi na miwani, nani anaificha kwenye begi kwa kuogopa kuchekwa. Kazi hiyo ya kufuatilia mwalimu anaweza kuianza leo, hata shuleni kwake kusipokuwa na simu hata moja yenye programu hiyo.