Ile Polishi ya Mwenge

Tuliokuwepo pale kwenye benchi la fundi saa, Mwenge, tuliondoka tukibishana, na wengi walisema saa imetoka kama mpya. Mimi nasema imeharibiwa. Seiko 5 ya marehemu mzee wa kijana mmoja iliingia mikononi mwa fundi ikiwa imechoka lakini nzima, ikatoka ikitembea vizuri lakini bodi, yaani ganda lake la chuma, imeliwa. Mlioangalia mnajua mfuatano wa kazi, kwa hiyo sitaurudia wote. Mashine ya saa iliopolewa, ikaoshwa kwa benzini kipande kwa kipande, vito 17 vikatiwa mafuta kwa ncha ya sindano, mpira wa kifuniko ukabadilishwa. Kazi safi, sina neno.

Tatizo lilikuja baada ya hapo. Saa ilikuwa imeshafungwa, mkanda umesharudi, kijana ameshatia mkono mfukoni kutoa hela. Fundi akaiinua kwenye mwanga, akasugua bodi kwa kidole gumba, akasema, "Kaka, niipige mashine kidogo ing'ae?" Kijana akajibu, "Piga tu, fundi." Mota ikawashwa, gurudumu la kitambaa likapakwa ile dawa ya kijani, na chuma kilichokaa mkononi kwa mtu zaidi ya miaka 40 kikakandamizwa pale pembe kwa pembe. Wenzangu wakasogea kutazama kinavyometa. Mimi nilikuwa natazama pembe zinavyokwisha.

Kwanza, mashine ya saa ilikuwa bado imo ndani. Fundi ametoka kuiosha, ameipima mapigo, halafu anaikabidhi kwa mota inayotetemesha na kuunguza kidole. Ile dawa ya kijani ni unga wa kusagia chuma, na unga hutafuta upenyo. Kwenye saa ya umri ule upenyo upo, pale kitufe cha kurekebishia majira kinapoingia. Chembe zikifika kwenye mafuta mapya, yale mafuta yanageuka msasa. Anayejua kazi huvua mashine kwanza, huvua kioo, ndipo azungumze habari ya kung'arisha. Huyu alikuwa na bisibisi zote mezani na alishaifungua mara moja, lakini akaona uvivu kuifungua tena.

Pili ni bodi yenyewe. Seiko 5 nyingi za miaka ile, zile za mashine namba 7009, hazikutengenezwa ziwe kioo mwili mzima. Juu zina mikwaruzo myembamba iliyopangwa kiwandani kwa makusudi, pembeni zimeng'arishwa, na panapokutana hapo pana ukingo mkali unaousikia kwa ukucha. Ukingo ule ndio sura ya saa. Gurudumu la kitambaa halijui ukingo, linalamba kila lililo mbele yake. Sasa juu na pembeni ni kitu kimoja, mabega yamekuwa mviringo, na matundu ya pini za mkanda yamebakiwa na ukuta mwembamba. Mikwaruzo ya mzee iliondoka, ndiyo, lakini iliondoka pamoja na chuma kilichokuwa chini yake. Wachonga vinyago walio hatua chache kutoka pale wangemwambia: mpingo ukishatoka kwenye patasi haurudi.

Kilichoniuma zaidi ni kifuniko cha nyuma. Kabla ya kazi kuanza niliomba nikishike, na wengi wenu mlikiona. Kwa nje kulikuwa na namba ya saa, inaanza na 8 ikifuatiwa na D. Kwa Seiko alama ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari mpaka Septemba, kisha 0, N na D kwa miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo ni Desemba ya mwaka unaoishia na 8. Lakini upi, 1978 au 1988? Namba peke yake haisemi, kwani 7009 ilitengenezwa miaka yote miwili. Jibu lilikuwa upande wa ndani. Fundi fulani wa zamani alikwaruza kwa ncha ya sindano herufi zake mbili na tarehe ya kazi, 3/83. Basi ni 1978. Yule kijana alikuwa hajawahi kujua saa ya baba yake ilizaliwa lini, akajua pale pale, akatabasamu. Kazi ilipokwisha, namba ile ilipelekwa kwenye gurudumu. Ukiitazama leo, D unaibahatisha.

Fikirieni kazi ya huyo wa 3/83. Huo ni mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, achilia mbali spea ya saa ya Kijapani. Yeye alifungua, akatibu, akaandika alama yake mahali ambapo ni fundi mwenzake tu angeiona, akafunga. Bodi hakuigusa. Mafundi wa Kariakoo na Posta wa enzi zile walikuwa na taa ya spiriti, lenzi jichoni na subira, na saa zao zinatembea hadi leo zikiwa na pembe zake. Mwingereza George Daniels, aliyekarabati saa nyingi za Breguet, fundi wa kale, kabla ya kujitengenezea zake kwa mikono, alijulikana kwa kuiheshimu kazi ya aliyemtangulia. Huyu wetu wa 3/83 hakuwa na jina vitabuni, lakini alifanya vivyo hivyo.

Wapo watakaosema mteja alikubali. Mteja alikubali kwa sababu aliulizwa na mtu anayemwamini, na aliulizwa kana kwamba ni kumwagia maji tu. Angeambiwa, "Nitapunguza chuma, namba ya nyuma itafifia, na ikitoka hairudi," nina hakika angesema acha. Aliyefiwa na baba akija na saa mkononi hajui cha kuuliza. Fundi ndiye anayejua, kwa hiyo lawama ni ya fundi. Na ule mng'ao wenyewe, kwa jasho na hewa ya chumvi ya Dar, utakwisha kabla ya mvua za masika.

Polishi ina mahali pake. Kioo cha plastiki cha saa za zamani kikichubuka, kisugue taratibu kwa kitambaa na dawa ya meno, kitarudi. Kioo cha Seiko hii si plastiki, hakirudi kwa dawa ya meno, unabadilisha. Na wenye saa zilizopakwa dhahabu, zile Roamer na Oris za wazee, wasithubutu kabisa: gurudumu likipita mara moja, shaba iko nje.

Na kwa kuwa tumeshafika hapa, niseme na mengine ya kutunza saa hizi. Acheni kugundisha vioo kwa super glue. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye uso wa saa. Acheni mafuta ya cherehani, yanatambaa na kuacha vito vikavu. 7009 haijazwi kwa kuzungusha kitufe hata ukizungusha mpaka kesho. Itikise polepole huku na huku, ule wenzo wa Seiko wa tangu 1959 unajaza kwa pande zote mbili. Tarehe usiiguse kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Na usiilaze juu ya spika, sumaku inashika springi na saa inaanza kukimbia.

Kwa kijana mwenye saa: usimpe mtu yeyote airudishie mikwaruzo ya kiwandani, atapunguza chuma kingine. Nunua pini mpya za mkanda wiki hii, maana matundu yale hayawezi tena kuvumilia pini iliyolegea. Piga picha ya namba ya nyuma kwa mwanga wa pembeni wakati D bado inaonekana kidogo. Na fungua kifuniko tena mapema, usisubiri miaka, fundi mwingine aangalie kama ule unga wa kijani umeingia. Mwambie kabla hajashika bisibisi kwamba bodi haiguswi.