Una Mtu? Habari na Dhamana katika Ajira za Karatu

Nafasi nyingi katika hoteli na kambi za watalii kati ya mji wa Karatu na lango la Ngorongoro hazibandikwi popote. Mpishi msaidizi akiondoka, meneja hahangaiki na tangazo litakalomletea rundo la barua za kuchambua. Anawageukia wafanyakazi alionao na kuuliza: "Una mtu?" Swali hilo fupi limebeba mambo mawili, na watafuta kazi wengi huyachanganya. La kwanza ni habari: nani atapata kusikia kwamba nafasi ipo. La pili ni dhamana: nani atasimama na kusema kijana huyu haibi, halewi kazini, alfajiri yuko macho. Hoja yangu ni kwamba habari na dhamana hupita njia tofauti, na kijana wa kata ya Endabash anayezunguka kwa mjomba na shangazi peke yao ana dhamana tele lakini habari hana.

Jambo hili lilipimwa mapema na mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, katika mji wa Newton, jirani na Boston, na matokeo yakachapishwa mwaka 1973 na 1974. Aliwafuata wanaume 282 wa kazi za kitaalamu, kiufundi na za uongozi waliokuwa wamebadili kazi karibuni. 100 aliwahoji ana kwa ana, 182 aliwapelekea dodoso kwa posta. Asilimia 56 walikuwa wamepata kazi kupitia mtu waliyemfahamu. Wengine wangeishia hapo na kutangaza kwamba kujuana ndiko kila kitu. Yeye akauliza zaidi: wakati ule mlikuwa mkionana mara ngapi? Kati ya 54 waliojibu, 9 tu walikuwa wakionana na mtu huyo walau mara mbili kwa wiki. Wengine 30 walionana naye pungufu ya hapo lakini zaidi ya mara moja kwa mwaka, na 15 mara moja kwa mwaka au hata isifike. Sababu yake ni nyepesi: wanaokula sahani moja husikia habari zilezile, na nafasi ambayo binamu yako angeijua, nawe ungekuwa umeshaisikia. Kuna takwimu nyingine katika utafiti huo isiyotajwa sana, ambayo naiona ya manufaa kuliko hiyo maarufu. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 39.1 walikuwa wakimjua mwajiri mwenyewe, 45.3 walikuwa na mtu mmoja katikati, na waliopitia zaidi ya watu wawili ni 3.1 tu. Mnyororo ukirefuka, habari hupoa njiani.

Ukiileta hesabu hiyo Endabash, kata ya wakulima wa mahindi, maharage na mbaazi kusini mwa mji wa Karatu, picha inajichora. Jirani wa shamba, msharika mwenzako na ndugu wa ukoo wote wako upande mmoja wa barabara ya habari. Hata lugha inaonyesha mpaka huo: ya nyumbani, kwa Wairaqw walio wengi huku, ni Kiiraqw, ilhali habari ya nafasi hotelini huja kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu wa mbali kidogo. Mtu huyo anaweza kuwa dereva wa abiria anayelala mjini, mfanyabiashara anayepeleka mboga kwenye majiko ya hoteli, fundi umeme anayeitwa kambini mara mbili kwa mwaka, mwalimu aliyehamishwa, au mliyesoma naye darasa moja aliyekwenda chuo cha hoteli na ambaye hamjaandikiana tangu hapo. Hawa hawakupendi kuliko mama yako mdogo. Wamesimama tu mahali ambapo yeye hapafiki.

Msomaji makini atapinga, na ana haki. Watu 54 ni wachache, wote wanaume, tena wa mji wa Marekani. Mwaka 1997 mwanasosholojia Yanjie Bian alionyesha, kutokana na uchunguzi uliofanywa Tianjin nchini China mwaka 1988, kwamba huko watu wa karibu ndio waliofungua milango. Na mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi: waliosaidia zaidi ni watu wa ukaribu wa wastani, si wageni kabisa, na katika sekta zisizotegemea sana kompyuta watu wa karibu walikuwa na nguvu zaidi. Kambi ya watalii si kampuni ya kompyuta. Nakubali yote hayo, ila sioni kama yanaibomoa hoja. Yanaigawa mahali pake. Tianjin kazi ziligawiwa na dola, na aliyetafutwa alikuwa mtu wa kukushika mkono kwa siri, jambo ambalo hufanyi na mtu usiyemwamini. Hotelini nako mhudumu huingia chumba cha mgeni chenye kamera na fedha, na mara nyingi hulala palepale kazini. Hapo dhamana ina bei. Kwa hiyo mtu wa mbali alete habari, kisha wa karibu aitwe athibitishe. Anayeanza na wa karibu amegeuza mpangilio.

Pingamizi zito zaidi ni la haki: je, huku si kuhalalisha undugu? Kazi za serikali zina njia yake, hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na anayezitafuta kwa kujuana anavunja utaratibu. Kwa mwajiri binafsi nako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi, ikitaja wazi kabila na mahali mtu alikotoka. Meneja anayewauliza watu wa ukoo mmoja tu miaka nenda rudi anakaribia mstari huo. Lakini kumwambia mtu kwamba nafasi ipo si kumpa nafasi. Usaili unabaki palepale. Ninachokiri ni kwamba njia hii humwacha nyuma binti ambaye hatoki nyumbani, kwa kuwa hao wa mbali hakutani nao. Ndiyo maana hoteli zinazochukua watu wa vijiji jirani zipeleke japo karatasi moja ya tangazo kwenye ofisi ya mtendaji wa kata.

Wageni huanza kuwa wengi mwezi Juni. Aprili na Mei, mvua za masika zikinyesha, ndipo hoteli hukarabati na kupanga wafanyakazi, na ndipo "Una mtu?" huulizwa.