Salfeti, Uzi na Vizibo

Darasa la kwanza halitaki mapambo mengi. Linataka mapambo yanayosomeka. Tangu mtaala wa 2015 uziweke stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu mbele katika madarasa mawili ya mwanzo Tanzania, walimu wengi wamegeuka mafundi wa kuta. Huyu ninayemwandika hapa anafundisha shule ya msingi ya kijijini mkoani Morogoro. Karatasi ya manila hainunui mara kwa mara: inagharimu, masika huilegeza, na mchwa wakiipata hawaachi kitu. Yeye hutumia salfeti za sukari, za kilo 50, na katika mkoa wenye viwanda vya Kilombero na Mtibwa salfeti hazikosekani.

Salfeti huanza kwa kufumuliwa. Haikatwi pembeni, mwalimu hutafuta ncha ya uzi wa mshono, akiipata huivuta na mshono wote hukimbia wenyewe. Kisha huifua kwa sabuni mpaka utamu uishe, maana ukibaki, sisimizi watakuwa wa kwanza kusoma. Pasi haigusi, kwa sababu plastiki huyeyuka. Ikishakauka huiviringisha kwenye fito, ikiwa imekazwa barabara, na kuiacha ilale hivyo usiku kucha. Asubuhi inafunguka ikiwa imenyooka.

Pindo za salfeti iliyofumuliwa huchambuka upesi. Hapo mwalimu huwasha mshumaa na kuupitisha kando ya ukingo, karibu kiasi cha nyuzi kushikana lakini si karibu kiasi cha kujikunja. Mkono hausimami hata mara moja. Baada ya hapo hukunja ukingo na kuushona kwa shazia na uzi wa nailoni, akiacha vitanzi vitatu juu vya kutundikia.

Kuchora mistari ndiko kulikonifanya nisahau saa. Penseli haionekani vizuri kwenye salfeti, kwa hiyo alichukua uzi wa pamba, akaupitisha kwenye unga wa chaki ya bluu, akampa mtoto ncha moja.

“Shika hapo kwenye alama, mwanangu. Vuta, usiachie.”

“Nimevuta, mwalimu.”

Akaunyanyua uzi katikati kwa vidole viwili, akauachia. Pa! Mstari ulionyooka ukabaki kwenye salfeti, mwembamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Mafundi seremala hufanya hivyohivyo kwenye mbao. Mistari miwili hushika tumbo la herufi, sentimita 6 kati yake, na wa tatu juu huonyesha b na k zinakofika. Wino ukikauka, chaki hupanguswa kwa kitambaa kikavu.

Kisha makapeni. Herufi huandikwa kwa mwendo uleule ambao watoto wanafundishwa kwenye daftari: a ni duara na kijiti, si ile a yenye mgongo ya vitabuni. Anaanzia pale mtoto anapoanzia na kuishia pale mtoto anapoishia, kwa kuwa mtoto hufuata herufi ukutani kwa kidole. Kalamu ikisita, wino husambaa ndani ya nyuzi na kufanya doa. Ikikimbia, mstari hukatika. Yeye hushusha pumzi, huvuta, hunyanyua kalamu kabla haijasimama. Konsonanti huziandika kwa nyeusi, irabu kwa nyekundu. Mtoto akitazama ba, be, bi, bo, bu, anaona kwa macho kinachobaki na kinachobadilika, kabla hata ya kutamka. Kwangu hilo ni pambo zuri kuliko maua yote ya karatasi.

Chupa za maji zilizokatwa hukaa dirishani zikiwa na penseli. Hizo ni kazi ya dakika chache. Vizibo vya soda ndivyo vinavyotaka uvumilivu. Kila kizibo huondolewa utando wa plastiki wa ndani, meno yake hugongwa yalale ndani yasije yakakata vidole, kisha hutobolewa katikati kwa msumari juu ya gogo. Hutungwa kwenye waya kumi kumi, vitano vya rangi moja na vitano vya rangi nyingine. Hivyo saba huonekana mara moja kuwa tano na mbili, na mtoto huacha kuhesabu kimoja kimoja tangu mwanzo.

Kutundika chati hizi za salfeti nako kuna kazi yake: selotepu haishiki kwenye chokaa. Hutoka na unga wake. Mwalimu amepiga misumari pembe kwa pembe na kukaza waya, chini kuliko mtu mzima angependa, usawa wa macho ya watoto wenyewe. Chati zikishatundikwa, huenda kukaa dawati la mwisho, hujikunja mpaka kimo chake kilingane na cha mwanafunzi, na kusoma kila mstari kwa sauti. Siku niliyomtazama alisimama, akashusha chati moja kwa kiganja kizima, akarudi kukaa.

Chati zilizo karibu na dirisha hupauka kwanza, kwa hiyo hubadilishana nafasi na zile za ndani, na nyekundu, inayowahi kufifia, hupitiwa upya, herufi kwa herufi, kwa mwendo uleule. Zilizokwisha kueleweka huviringishwa kwenye fito zake na kuwekwa juu ya kabati, zikisubiri watoto wa mwaka ujao.