Kijiji kinaweza kufyatua tofali, hakiwezi kulipa mwalimu



Tunaposemea maendeleo ya masomo ya vijijini, wengi wetu tunaanza na jengo: mabati mapya, ukuta wa rangi, bendera inapepea. Wakubwa nao wanapenda kukata utepe mbele ya ukuta. Sina ugomvi na mabati. Ugomvi wangu ni ju ya mpangilio: kitu gani kinakuja kwanza, na kitu gani kinaweza kungoja.

Mpango mkubwa wa nchi yetu ju ya masomo ulikuwa ule wa 2016 mpaka 2025. Ulisimama ju ya nguzo tatu: masomo yafikie watoto wote kwa haki, masomo yawe ya ubora, na uongozi wa masomo uwe wazi na wenye kufaa. Soma nguzo hizo moja moja, hakuna hata moja yenye utakataa. Hapo njo lawama yangu inaanzia. Mpango wenye hakuna mtu anaweza kuukataa, haujachagua bado. Kwa mkubwa wa masomo wa teritware fulani, mwenye pikipiki moja ya kazi na shule zaidi ya mia, nguzo tatu hazimwambii afanye nini siku ya kwanza ya juma.

Mwaka nilipopata diploma ya Leta, nilifundisha darasa la tatu mu shule moja ya milimani, Kivu ya Kusini. Tulikuwa walimu sita. Watatu walikuwa wanalipwa. Wawili walikuwa wamekwisha kuandikwa mu makaratasi ya Leta, lakini mushahara ulikuwa haujawafikia. Mimi sikuwa hata mu karatasi. Kila mwezi, wale watatu walishuka mjini kutafuta mushahara wao: siku moja kushuka, siku mbili kungoja, siku moja kupanda. Siku hizo direkta aliunganisha madarasa mawili mawili, na sisi wenye kubaki tulisimamia kelele zaidi kuliko kufundisha.

Hesabu mwenyewe. Siku ine kila mwezi, mara miezi kumi, ni siku makumi ine. Ni zaidi ya mwezi mmoja na nusu ya masomo yenye kupotea, na hapo sijaweka mvua, magonjwa wala wakati wa kuvuna maharagi. Hakuna bati lenye linaweza kurudisha siku hizo. Mtoto anaweza kumaliza mwaka mu jengo zuri kabisa, akiwa amesoma sehemu tu ya mwaka.

Mtu ataniambia: masomo ya bure yalikuja kumaliza shida hiyo. Tuchunguze. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 43, iliandika kama masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure mu shule za Leta. Utekelezaji wenyewe ulianza Septemba 2019. Ulikuwa uamuzi wa haki, na siwezi kuupinga, kwani niliona kwa macho yangu mtoto anarudishwa nyumbani ju mama yake hakupata franga. Lakini mpangilio ulipinduka. Pesa ya motivasyo, ile wazazi walizoea kutoa tangu miaka ya 1990 wakati Leta ilishindwa kulipa, njo ilikuwa inashikilia walimu wenye hawalipwi. Ilikatazwa kabla ya walimu wote kuandikwa na kulipwa. Madarasa yalijaa, na mbele ya darasa lenye kujaa akasimama mtu mwenye hana mushahara wala motivasyo. Wengine waliacha chaki wakaenda kuchimba zahabu. Mimi siwalaumu.

Mwaka 2020 Banki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kwa kusaidia masomo ya msingi ya Kongo. Ni pesa nyingi. Lakini pesa, hata ikiwa nyingi namna gani, haitengenezi mpangilio mbaya. Inafuata tu njia yenye ilichorwa mbele yake.

Najua swali lenye kufuata. «Sasa mwalimu atafundishia wapi, chini ya muti?»

Swali ni la haki, na kwa sehemu fulani jibu langu ni dogo. Mahali pa vita, kwenye shule imechomwa ao imegeuka makao ya watu wenye kukimbia, jengo lina haki ya kutangulia. Lakini mu vijiji vingi vyenye utulivu kidogo, niliona mambo mengine. Wazazi wa shule yetu walifyatua tofali wenyewe. Siku ya salongo, wapapa walikata miti, wamama walibeba maji na udongo, vijana walipanda ju ya paa. Madarasa mawili yalisimama mu likizo moja. Hayakuwa mazuri, dirisha hazikuwa na mbao, lakini yalisimama. Makanisa nayo yamejenga shule nyingi tangu wakati wa ukoloni, na mapatano ya 1977 kati yao na Leta yaliwaachia uongozi wa shule hizo.

Kitu chenye kijiji kile hakikuweza ni kulipa walimu sita, kila mwezi, bila kufukuza mtoto wa maskini. Walijaribu. Mwaka ule wazazi wa darasa langu walinipa debe la maharagi na mihogo kila mara waliweza, na wale wenye hawakuweza walianza kuwaficha watoto wao nyumbani kwa haya.

Basi kipimo changu njo hiki: Leta ianze na kitu chenye kijiji hakiwezi kujifanyia. Walimu waandikwe wote, na orodha ya wenye kulipwa ibandikwe ku mulango wa kila shule, ili mzazi ajue nani analipwa na nani bado. Mushahara uwafikie karibu, tena siku yenye kujulikana, ili darasa lisifungwe. Siku za masomo zihesabiwe na komite ya wazazi mu daftari, si na direkta peke yake, ju yeye anaogopa kuandika ukweli. Kisha inspekta apewe njia ya kufika, asingoje ripoti ofisini. Kisha vitabu, tena vya lugha yenye mtoto wa darasa la kwanza anasikia. Kiisha hapo, mabati. Na kwa mabati, Leta ilete misumari na fundi, mikono iko.

Kuna wenye watasema mpango kama huu ni mdogo, hauna hata picha ya kuweka ku kalenda. Ni kweli. Kulipa mtu kwa wakati, miaka kumi mfululizo, hakuna mtu anakata utepe ju yake. Lakini hiyo njo maana ya mpango wa muda mrefu: kufanya kila mwezi jambo lile lile, hata wakati hakuna mwenye kuangalia.

Na sisi wahitimu? Mu mikutano yetu tunasema kijiji kinahitaji akili za vijana. Wanyoshe mikono wenye wako tayari kwenda kufundisha kule kwa mushahara wa siku yenye haijulikani. Mimi sitanyosha, ju nilikimbia kisha mwaka mmoja. Asubuhi ya kutoka, mtoto mmoja wa darasa langu aliniona na mufuko begani akaniuliza: «Mwalimu, unaenda kuchukua mushahara?» Nikajibu ndiyo. Sikuwa na mushahara wa kuchukua, na sikurudi.

Siku wakubwa wa masomo watatuita kusikiliza mpango mpya, watatuonyesha michoro ya majengo. Tupige mikono kwa heshima, kisha mmoja wetu asimame aulize: mwaka uliopita, mu shule za teritware hii, mwalimu alikuwa darasani siku ngapi? Kama hakuna mwenye kujua, tuombe hesabu hiyo ifanywe kwanza, na michoro ingoje.