Aliyetoka Anarudije? Uchambuzi wa Michezo ya Sherehe Rungwe
Sherehe ya kifamilia Tukuyu, wilayani Rungwe, iwe ya kipaimara, ya mahafali au ya Krismasi pale ukoo unaporudi kutoka Mbeya na Dar es Salaam, hukusanya watoto wa kila umri kwenye uwanja mmoja: wa miaka mitano, wa miaka kumi, na vijana wa sekondari ambao tayari wanajiona watu wazima. Mshereheshaji akishika kipaza sauti huwa mwepesi kuanza na kugombea viti: muziki ukizimwa, asiyepata kiti anatoka. Tuchukue watoto 20. Raundi zitakuwa 19. Wa kwanza kutoka atakaa pembeni raundi 18, wa pili 17, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Jumla ni raundi 171 za kukaa kati ya 380 ambazo watoto wote kwa pamoja wangeweza kucheza, yaani asilimia 45. Karibu nusu ya mchezo ni kutazama, na watazamaji wa muda mrefu ni wadogo na wazito wa miguu, wale wale tuliotaka wachangamke. Hawatulii pembeni, bila shaka. Ndio utakaowakuta dakika kumi baadaye wakichezea bomba la maji au wakizunguka jikoni kwenye masufuria ya moto.

Kwa hiyo mchezo wa nje wa sherehe ningeupima kwanza kwa njia ya kurudi anayoachiwa aliyetoka. Vifaa, vicheko na zawadi vifuate baadaye. Kwa kipimo hicho, kombolela na rede, ambazo watoto wa Tanzania huzicheza bila kuandaliwa na mtu, zimesukwa kwa ustadi kuliko mingi inayotangazwa kwenye kipaza sauti.

Tutazame kombolela inavyofanya kazi. Kopo tupu linawekwa katikati ya uwanja, mmoja analibutua mbali, na wakati mlinzi anakimbia kulirudisha mahali pake wengine wanajificha. Mlinzi akimwona mtu humtaja jina na kuwahi kuligusa kopo. Aliyetajwa anakuja kusimama kando yake kama mateka. Ila yeyote ambaye hajaonekana akifanikiwa kunyata na kulibutua kopo tena, mateka wote wako huru na kazi ya mlinzi inaanza upya. Mtego uko hapo. Mlinzi akienda mbali kutafuta, ameacha kopo wazi. Akilikumbatia kopo, hampati mtu. Kadiri mateka wanavyoongezeka ndivyo kopo linavyozidi kuwa na thamani, na anayeamua mambo anaweza kuwa mtoto wa miaka sita aliyejibanza nyuma ya mti wa kahawa mahali ambapo kijana mrefu asingeenea. Mbio bado zina nafasi yake, lakini udogo, subira na ujanja vimepewa bei. Hata mateka ana kazi: anaangaza macho na kupiga kelele za kumpoteza mlinzi.

Mwinuko wa Rungwe unaongeza jambo ambalo uwanja wa tambarare hauna. Tukiweka kopo katikati ya mteremko, mlinzi akishuka kutafuta chini atarudi akipanda, na aliyejificha juu atalifikia kopo akiteremka. Mteremko wenyewe basi unampunguzia kasi mlinzi mwenye miguu mirefu bila kumtungia kanuni ya peke yake. Tahadhari ni mbili. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo kati ya Novemba na Mei nyasi huteleza hata siku jua limewaka; chini ya kopo pawe na hatua kadhaa za tambarare ambapo anayeteremka kwa kasi atajizuia, mbali na mtaro na jiwe. Ya pili ni migomba. Inaficha vizuri lakini mashina yake hukatika yakiegemewa, na mwenye shamba atakuwa na haki ya kuvunja sherehe.

Rede imejengwa kwa namna nyingine. Warushaji wawili wanasimama kila mmoja upande wake, walio katikati wanakwepa mpira, na katika namna moja maarufu anayekwepa anatakiwa pia kujaza chupa mchanga kabla hajapigwa. Kanuni hubadilika mtaa kwa mtaa, ila kuna makubaliano yanayofaa kung'ang'aniwa kwenye sherehe: anayebaki katikati akikwepa idadi ya mipira iliyotajwa, anawaokoa wenzake. Mpira ni suala la kitaalamu. Wa dukani, uliojazwa upepo, unauma na hutimkia bondeni. Wa kutengeneza, wa matambara yaliyoshindiliwa ndani ya soksi na kufungwa kwa kamba za mgomba, haudundi sana, unasimama karibu na ulipoangukia, na hata bibi anaweza kupigwa nao mgongoni akacheka. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, ule wa nailoni umekuwa mgumu kutengeneza, na kasoro ya huu wa matambara ni kwamba ukilowa unakuwa mzito. Iandaliwe mitatu, huu ukilowa uchukuliwe mwingine.

Kuna watakaosema kwamba asipotoka mtu hakuna mshindi, na vijana watachoka. Hoja hiyo inachanganya hatari na adhabu. Anayependa mchezo huvutwa na hatari ya kukamatwa. Kukaa kwenye kiti cha plastiki baada ya kukamatwa hakumwongezei chochote. Kombolela inafikia kilele mateka wakiwa wengi na mmoja tu amebaki mafichoni, wakati ambapo kwenye kugombea viti watoto 18 kati ya 20 wameshatoka.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika historia ya Rungwe yenyewe. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi Wanyakyusa walivyoishi katika vijiji vya rika: wavulana wa miaka kumi hivi walijenga vibanda vyao kando na wazazi. Kama wazee walitenganisha rika, kwa nini sisi tuchanganye? Lakini maelezo hayo hayo yanaonyesha kwamba kijiji kiliendelea kupokea wavulana wadogo hadi waanzilishi walipofika miaka 16 au 18, ndipo kikafungwa. Wa miaka kumi na wa miaka 16 walikuwa wenzi wa kijiji kimoja. Rika lilikuwa pana kuliko darasa la shule, na mpangilio wa sherehe unaogawa watoto kwa madarasa una mizizi yake shuleni zaidi ya Unyakyusani.

Kuvuta kamba kunastahili nafasi kwa sababu nyingine: hakuna anayetoka peke yake. Ulikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920, na kanuni zake za kimataifa hupanga timu za watu wanane kwa jumla ya uzito wao. Hakuna mizani? Basi baba mmoja alinganishwe na watoto wanne kwa macho, na kamba ilazwe kukata mteremko, isielekee bondeni, la sivyo walio chini wameshinda kabla ya filimbi.

Udhaifu halisi wa kombolela ni mlinzi. Mtoto mdogo akipewa zamu hiyo mbele ya vijana watano wenye kasi, hatatoka humo. Kila akikaribia kumaliza, kopo linabutuliwa, na kilio kinafuata. Hapo njia ya kurudi ya wengi imegeuka kifungo cha mmoja, na utetezi wangu wote unayumba. Dawa iliyo rahisi ni kuweka walinzi wawili, mkubwa na mdogo, mmoja akitafuta na mwingine akikaa na kopo, na kubadilisha zamu kopo likibutuliwa mara ya tatu. Itangazwe kabla ya kuanza, maana kanuni inayoletwa katikati ya kilio huonekana ni upendeleo, na vijana wa sekondari hawasahau upendeleo.