Misa ya Kamina na Waimbaji Wetu

Tumesikiliza tena Missa Luba. Watu husema ya kuwa waimbaji waliitunga papo hapo, kana kwamba waliamka siku moja nayo iko mdomoni. Hatukubali.

Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kamina, Katanga, mwaka 1953, akakusanya wavulana wapata 45 na waalimu wapata 15. Misa yao iliimbwa kwanza mwaka 1958. Maneno ni ya Kilatini. Sauti na mapigo ya ngoma ni ya kwao. Haikuandikwa kwa noti kwanza, ila ilizaliwa katika kuimba pamoja siku kwa siku. Sikilizeni Sanctus, iliyotoka katika wimbo wa kuagana. Inatupendeza kupita Gloria, maana haina haraka. Yule aimbaye peke yake aweza kugeuza sauti apendavyo, kwa sababu wenzake nyuma yake hawayumbi. Hapo ndipo penye kazi ya miaka.

Na huku Beni? Makundi mengine huanza mazoezi Noeli ikikaribia, kisha hulalamika ya kuwa nyimbo mpya hazipatikani. Twajua shida: tangu Oktoba 2014 mauaji yametawanya watu, na kutembea jioni ni hatari. Lakini nusu saa baada ya Misa ya asubuhi yatosha. Waitwe wazee wajuao nyimbo za Kinande, watoto wakae karibu nao waitikie. Huenda mmoja wao atatutungia Sanctus mwaka 2045.