Ua Unaopitisha Upepo

Kabla ya kung'oa chochote, fundi aliuzunguka ua wa zamani akitikisa nguzo mojamoja. Hakushika nyundo wala futi. Aliweka kiganja kwenye nguzo usawa wa kifua, akaisukuma kidogo, akaivuta kidogo, kisha akachuchumaa kufukua udongo wa shinani kwa vidole. Ua wenyewe ulikuwa wa mabati yaliyopigiliwa kwenye nguzo za mbao laini, kuzunguka nyumba ya mwalimu mstaafu pembezoni mwa mji wa Lodwar, kaunti ya Turkana. Upande wa kusini mashariki ulikuwa umelala kiasi cha mbuzi kuupanda.

"Nguzo haiozi juu, wala haiozi chini kabisa," alimwambia kijana anayemsaidia. "Huozea hapa." Kidole chake kilikuwa pale udongo unapokutana na hewa, mahali ambapo unyevu haba wa nchi ile hukaa muda mrefu kuliko kwingine, na mchwa wanapajua. Aliminya, mbao ikabonyea. Nguzo iliyoonekana nzima kwa macho ilikuwa imebaki ganda.

Kwenye mabati alinionyesha jambo ambalo peke yangu nisingeliona. Tundu la msumari huwa duara siku linapotobolewa. Matundu yale yalikuwa yamerefuka, mengine yakapita upana wa kidole, na kingo zake zimesagika hadi zinang'aa. Bati lilikuwa limecheza juu ya msumari wake usiku na mchana kwa miaka, likijila lenyewe. Tundu lilipozidi kichwa cha msumari bati liliachia, la pili likabeba mzigo wa mawili, nalo likaachia. Ndivyo upande mzima ulivyokwenda.

Upepo wa Turkana si wa kubahatisha. Nyanda za juu za Ethiopia ziko upande mmoja, nyanda za juu za Kenya upande wa pili, na katikati pana ardhi ya chini inayoubana upepo utokao kusini mashariki na kuuongezea kasi. Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo katika makala yao ya kisayansi ya mwaka 1982, na ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme yenye uwezo wa megawati 310. Lodwar, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 bila mtu kushangaa, upepo huja na mchanga. Ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo wake kwenye ukuta huongezeka mara nne. Bati halina pa kuupitishia, kwa hiyo hubeba msukumo wote. Na upepo unaoruka juu yake huanguka nyuma kwa vurugu, ukamwaga vumbi uani, palepale palipotakiwa kukingwa. Ua ambao karibu nusu yake ni wazi huupunguza upepo kasi, na utulivu wake hufika mbali zaidi.

Fundi hakuyasema hayo kwa namna hiyo. Alisema tu kwamba ua mpya utakuwa wa fito za mkoma juu ya nguzo za mathenge, na kwamba ataacha nafasi. Mwalimu alikuwa akitaka mabati tena, kwa sababu hakupenda kutazamwa na wapita njia akianika nguo.

"Mwalimu, mpita njia ataona rangi ya leso yako," fundi alimjibu. "Wewe hatakuona."

Mabati yalishushwa upepo ulipotulia. Kijana alilishika bati kwa mikono miwili huku fundi aking'oa misumari, na kila bati lililoshuka lililazwa chini na kuwekewa mawe papo hapo, maana bati likichukuliwa na upepo laweza kumkata mtu vibaya. Misumari haikutupwa. Kijana aliuviringisha kila mmoja juu ya jiwe bapa mpaka nundu ikaja juu, akaigonga mara moja, akauviringisha tena. Bati moja zima fundi aliliweka kando, akasema ana kazi nalo.

Nguzo zilitoka kwenye rundo lililokatwa kando ya laga, mto wa msimu. Mathenge ni mti wa Amerika ulioletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kufunika ardhi iliyo tupu, ukasambaa hadi kuziba malisho na kingo za mito, na wafugaji wana kila sababu ya kuulalamikia. Lakini kiini chake ni kigumu, cha rangi ya kahawia iliyoiva, na mchwa hawakipendi. Wanachokipenda ni ule weupe unaokizunguka kiini, na wadudu watoboao mbao hutagia chini ya ganda. Kwa hiyo fundi alimenya ganda lote kwa panga, kisha akachukua tezo na kuchonga weupe mahali ambapo nguzo itazama ardhini na shibiri moja juu yake. Huko juu aliuacha. Tezo iliingia kwa vipande vyembamba, na kila mara rangi ilipobadilika kutoka nyeupe kuwa kahawia mkono ulisimama. Hakuchonga kiini hata kidogo.

Mathenge haumei wima. Karibu kila nguzo ilikuwa na kigosho, na sehemu kubwa ya asubuhi ilikwenda katika kuzipanga: hii ya pembeni, hii ya lango, hii irudi kwenye rundo. Aliivingirisha kila nguzo chini mpaka ikatulia, akatia alama kwa mkaa upande uliopinda. Alama hiyo nilikuja kuielewa baadaye. Nguzo iliposimamishwa shimoni, aliizungusha mpaka kigosho kikafuata mwelekeo wa ua, kikaacha kuchomoza mbele au nyuma. Ukisimama mbele ya ua waona nguzo zimepinda kila moja kwa namna yake. Ukisimama pembeni ukatazama kwa jicho moja, zote ziko mstari mmoja, na mbao za kulala zinakaa juu yake bila kuyumba.

Mstari huo ulimgharimu muda kuliko nilivyodhania. Pembe aliipata kwa futi 3, 4 na 5, kama wafanyavyo mafundi wote. Tatizo lilikuwa kamba. Uzi wa nailoni ukivutwa kati ya mambo mbili zilizoachana mita 20 mahali penye upepo, katikati yake husukumwa nje, na ua utakaofuata uzi huo utakuwa na tumbo. Fundi aliufungua uzi, akatumia waya mwembamba wa kufungia, unaokazika zaidi na kushikwa na upepo kidogo. Hata hivyo hakuuamini. Alingoja upepo ushuke, akalala kifudifudi nyuma ya mambo ya kwanza, akamwelekeza kijana kwa mkono: kulia, kulia, rudi kidogo, gonga. Mambo tatu za katikati zilipigiliwa hivyo, kwa jicho, na waya ukafungwa kwenye kila moja. Upepo uliporudi, waya ulilia lakini haukusogea.

Kuchimba shimo kwenye mchanga ni kazi ya kukatisha tamaa kwa asiyeijua. Unachota, kuta zinamwagika ndani, na shimo linapanuka bila kwenda chini. Jioni iliyotangulia kijana alikuwa amemwaga maji kila mahali palipotiwa alama, akayaacha yazame usiku kucha. Asubuhi udongo ulikuwa umeshikana. Fundi aliuvunja kwa mtaimbo, akauchota kwa kopo la bati, mkono umezama hadi begani. Shimo lilishuka futi mbili na nusu, la pembeni futi tatu, na chini lilikuwa pana kuliko mdomoni, ili zege likishika nguzo isiweze kuchomoka. Upande unaopigwa na upepo nguzo ziliachana futi 6. Pande nyingine, futi 8. Chini kabisa alitandaza kokoto ili maji yasisimame kwenye kitako cha nguzo.

Hapo ndipo lile bati lilipopata kazi. Zege likichanganywa juu ya mchanga mkavu, ardhi hunywa maji yake kabla halijafika shimoni. Likichanganywa juu ya bati, maji hubaki. Kipimo kilikuwa karai moja ya saruji, tatu za mchanga, sita za kokoto. Mchanga ulitoka kwenye mto Turkwel. Ule uliorundikwa na upepo ukutani aliukataa, maana ni mwororo na umejaa vumbi. Hata ule wa mtoni aliupima: akautia katika chupa yenye maji, akatikisa, akaiweka kivulini. Mchanga ulitua chini, na juu yake ukakaa utando wa tope usiozidi unene wa ukucha. Aliutazama, akaridhika. Kokoto zilimwagiwa maji kwanza, kwa sababu jiwe lililoshinda juani nalo hunyonya. Kuta za shimo zililowanishwa tena. Zege likashindiliwa kwa kipande cha ufito, tabaka kwa tabaka, huku timazi ikining'inia ndani ya ndoo tupu ili upepo usiichezee. Juu, pembeni mwa nguzo, alilipandisha zege kwa mwiko likawa na mteremko, ili mvua za nadra za Lodwar zikija maji yakimbie nje.

Kisha kazi ikasimama, na hapa ndipo subira ya mtu huyu inapostahili kutazamwa kwa makini. Kila shina lilivishwa gunia lililolowa, na juu ya gunia mchanga. Asubuhi na jioni kijana alipita na ndoo. Mwalimu, ambaye maji yale aliyanunua kwa mitungi, aliuliza kwa nini yamwagwe kwenye kitu kinachotakiwa kukauka, tena jua lenyewe kali namna hii.

"Mwalimu, saruji haikauki ikawa ngumu. Inashika kwa maji. Jua likiyachukua maji yake mapema, itabaki unga."

Ni kweli kabisa: saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji, na zege lililokaushwa haraka hupasuka na kuwa dhaifu. Siku saba ndizo alizotaka, na siku saba hakuna aliyeruhusiwa hata kuegemea nguzo. Nimeona nyua nyingi za nchi kavu zilizoanguka zikiwa na nguzo nzima na shina la zege lililosagika kama biskuti. Waliozijenga walikuwa na nguvu na vifaa. Siku hizi za kungoja ndizo walizoziruka.

Hakukaa bure. Fito zilikuwa vikonyo vya majani ya mkoma, vilivyokatwa kwenye majani ya nje tu, yaliyozeeka, ili mti uendelee kuchipua katikati. Kingo za kikonyo cha mkoma zina miiba iliyopinda, na yeye alivuta panga kutoka nchani kwenda shinani, miiba ikaruka, upande mmoja kisha wa pili. Zilizomalizika zilianikwa juani na kulaliwa na mawe zisijikunje. Ufito mbichi husinyaa ukikauka. Ukifungwa ungali mbichi, baada ya miezi michache waya utakuwa mkubwa kuliko ufito, na ufito utaanza kucheza. Aliyekwisha kuona yale matundu ya mabati anajua mchezo huo unaishia wapi.

Baada ya mbao tatu za kulala kupigiliwa kwenye nguzo, kufunga kulianza, na kulikuwa kwa mwendo mmoja tangu ufito wa kwanza hadi wa mwisho. Ufito wasimamishwa. Kipande kifupi cha ufito mwingine, kipimo chake, chasukumwa kando yake kuweka nafasi. Waya wazunguka mara mbili, plaisi yaushika, yauvuta kwanza ndipo yasokote. Hilo la kuvuta kabla ya kusokota ndilo siri ya fundo, kwa sababu msokoto wenyewe haukazi kitu, hulinda tu kilichokwisha kukazwa. Aliacha kusokota waya ulipoanza kung'aa kwenye shingo. Mzunguko mmoja zaidi na waya ungekatika. Ncha aliikunja ndani, kuelekea ufito, mtoto asijikwaruze. Kipimo kikachomolewa, kikaenda kusubiri ufito unaofuata. Sikumwona akikisia nafasi kwa jicho hata mara moja, ingawa naamini angeweza.

Chini aliacha wazi kiasi cha shibiri moja. Mchanga unaotambaa ukizuiwa chini hurundikana, na baada ya muda ua huzikwa. Mwalimu akauliza habari ya kuku wake. Fundi alifikiri, akatumwa mtu sokoni kuleta seng'enge ya kuku, ikakazwa chini yote. Mchanga unapita kwenye matundu yake, kifaranga hakipiti. Lango alilitia upande ulio kinyume na upepo, akagonga kizuizi cha jiwe lisije likajibamiza, na hilo halikumchukua muda.

Upepo ulipovuma, ua ulitoa sauti nyembamba, na leso kwenye kamba ya mwalimu zilitikisika taratibu badala ya kuruka. Fundi alikuwa ameshaanza kuzitikisa nguzo mpya mojamoja, kiganja usawa wa kifua. Fito zilizobaki alizifunga tita moja na kulining'iniza chini ya paa, mbali na mchwa, pamoja na bunda la waya. Alimwambia mwalimu kwamba kiangazi kikipita yapo mafundo yatakayolegea, hasa ya mstari wa juu, na kwamba mjukuu wake wa kiume ana mikono ya kutosha. Akamwita mtoto, akampa plaisi, akamwonyesha ufito wa mwisho ambao alikuwa ameuacha kwa makusudi bila kuufunga. Mtoto akazungusha waya mara mbili, akaanza kusokota.

"Vuta kwanza," fundi alisema, akaufungua waya wote, akamrudishia.